Muhuri wa Sirari si kibali cha kuishi: jibu kwa mwalimu mstaafu wa Nyegezi

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu kutoka Migori, Kenya, niko na miaka 64. Baada ya kustaafu nilibaki nyumbani peke yangu, kisha binti yangu aliyeolewa Mwanza akanichukua nikae naye Nyegezi, nimsaidie na wajukuu. Sasa ni mwaka na nusu. Kila muhuri ukikaribia kuisha napanda basi hadi mpakani Sirari, navuka Isebania upande wa Kenya, nalala, narudi. Safari iliyopita afisa aliniuliza, 'Mama, wewe unaishi wapi hasa?' Benki imekataa kunifungulia akaunti, laini yangu ya hapa imefungwa, na kutoka Nairobi nimeletewa fomu ya kuthibitisha kwamba bado niko hai. Tena majina yangu hayafanani: kwa TSC, tume ya walimu ya Kenya, niko na jina la baba, kwenye kitambulisho na pasipoti niko na la mume. Jirani ananiambia nisijisumbue, Wajaluo wako Rorya, niseme tu nimetoka huko nipate kitambulisho cha NIDA. Na je, naweza kutumia kiinua mgongo kilichobaki kufungua kibanda cha wakala wa pesa? Nianzie wapi?"

Mwalimu, shikamoo.

Naanza na la jirani, ingawa wewe umeliweka karibu na mwisho, kwa sababu katika yote uliyoandika ni hilo tu ambalo likishafanyika halirekebishiki. Ni kweli Wajaluo wapo Rorya, mkoani Mara, na Kijaluo chako cha Migori kule kinaeleweka vizuri tu. Lakini NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa ya Tanzania, hawagawi vitambulisho kwa kabila. Wanauliza uraia, mahali ulipozaliwa, wazazi wako ni nani na walizaliwa wapi, halafu unaweka saini kwamba hayo ni kweli. Ukisema ulizaliwa Rorya huku pasipoti ya Kenya iko mkobani, umejifungulia kesi ya jinai kwa mkono wako. Na hutabaki peke yako: aliyekutambulisha mtaani na ndugu aliyekudhamini wataitwa pia, na ndugu huyo bila shaka atakuwa mkweo. Kuna jambo jingine ambalo majirani hawalifikirii. Alama za vidole zikishaingia kwenye mfumo hazitoki. Mwaka kesho ukijirudi, ukaamua kuomba kibali halali kama Mkenya, vidole vilevile vitasema wewe ni Mtanzania wa Rorya. Hapo hata wakili mzuri ana machache ya kukufanyia.

Anayetaka uraia kweli ana njia yake, ya kuomba tajinisi, nayo inadai miaka ya ukaazi halali kwanza. Ikumbukwe pia kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu Mkenya kuwa na uraia wa nchi nyingine, ila Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Ungelazimika kuukana wa Kenya. Kwa mtu anayeishi kwa pensheni ya Kenya sioni faida ya kufika huko, na wala hujauliza. Nimelitaja tu ili jirani akirudi na toleo jipya la ushauri wake uwe na la kumjibu.

Sasa swali la afisa wa Sirari. Hakukutukana, Mwalimu. Alikuwa anafungua kurasa za pasipoti akaona mgeni ambaye kila muhuri ukiisha anatoka usiku mmoja na kurudi. Muhuri ule ni wa mtembezi. Unasema umekuja kusalimia na utaondoka. Hakuna mahali pameandikwa kwamba ukivuka kulala Isebania hesabu inaanza upya kama haki yako. Ni afisa anayeamua kukuruhusu tena, na siku moja mwingine ataamua vinginevyo, ukiwa umesimama pale dirishani na mfuko wa nguo za wajukuu.

Najua utasema nini, kwa sababu Wakenya wengi wanaokuja ofisini kwangu husema hivyo hivyo: sisi si ni Jumuiya ya Afrika Mashariki? Ndiyo, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Lakini ukiisoma utaona haki ya kukaa katika nchi mwanachama imefungwa kwenye kazi na biashara: mfanyakazi aliyeajiriwa, mtu aliyejiajiri, na wategemezi wao. Mstaafu anayekula pensheni yake kwa utulivu hayumo katika hesabu hiyo. Itifaki ilikurahisishia kuingia, haikukupa makazi. Hata kitambulisho cha Kenya, ambacho Mkenya anaweza kuvukia kwenda Uganda au Rwanda, hapa hakikubaliki, ni lazima pasipoti au hati ya kusafiria ya muda. Mwanza tuna Barabara ya Kenyatta katikati kabisa ya jiji, na hiyo ndiyo zawadi pekee ambayo Mkenya anaipata hapa bila kujaza fomu.

Kwa hiyo ulipouliza uanzie wapi, jibu langu ni moja: kibali cha ukaazi. Benki, laini na NIDA yote yanakukataa kwa sababu hiyo hiyo moja, na ukianza kuyahangaikia moja moja utachoka bure. Watu huanza na benki kwa kuwa ndiyo inayowaudhi zaidi. Benki inawarudisha kwenye kibali, wanakwenda kwenye laini, laini nayo inawarudisha kwenye kibali, na mwezi umekwisha.

Vibali vya ukaazi chini ya Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, viko vya madaraja matatu. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri. Daraja B ni la walioajiriwa. Daraja C ni la wengine wote wenye sababu halali ya kukaa: wanafunzi, watafiti, wamisionari, na wastaafu. Wewe ni wa C. Maombi yanafanyika kwa mtandao kupitia tovuti ya Idara ya Uhamiaji, na ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa hapa Mwanza itakusaidia ukikwama. Usione aibu kwenda na kuuliza kabla hujajaza. Orodha ya viambatisho isome kwenye mfumo siku unayoomba, maana hubadilika, lakini kwa mstaafu kiini chake hakibadiliki sana: pasipoti yenye zaidi ya miezi 6 mbele yake, picha, barua yako ya kueleza kwa nini unataka kukaa, barua ya mwenyeji wako, na uthibitisho kwamba una cha kukulisha.

Hilo la mwisho ndilo linalokupa nguvu, wala usilidharau. Serikali yoyote inataka kujua kama mgeni atakuwa mzigo. Wewe una pensheni inayoingia kila mwezi kutoka Hazina ya Kenya, jambo ambalo vijana wengi wenye Daraja B hawana uhakika nalo. Weka barua ya kustaafu, stakabadhi za pensheni, na taarifa ya benki ya Kenya ya miezi kadhaa yenye muhuri wa benki. Ile uliyojichapishia kutoka kwenye simu mara nyingi hurudishwa. Mwenyeji awe mkweo, kama yeye ni raia na nyumba ni yake au anaipanga kwa jina lake. Aandike kwamba unaishi kwake, nyumba namba fulani, mtaa fulani, kata ya Nyegezi, na aambatishe nakala ya NIDA yake. Barua ya mistari sita inatosha. Wakwe wengine wakishika kalamu huandika ukurasa mzima wa jinsi wanavyompenda mama, na afisa haangalii hayo, anatafuta namba ya nyumba.

Kisha kuna barua ya serikali ya mtaa, ambayo wageni huiona ndogo na ndiyo inayowachelewesha. Nenda na mkweo kwa mjumbe wenu kwanza, atawaandikia kikaratasi, kisha kwa mtendaji wa mtaa. Nenda asubuhi, maana mchana mtendaji anaweza kuwa kwenye kikao kata au kwenye mgogoro wa mipaka ya viwanja. Beba picha za pasipoti saizi na nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye jina lako. Nakala hiyo mpe mkononi, umwombe anakili jina herufi kwa herufi. Ukimtamkia tu, ataandika anavyosikia. Sisi wa Usukumani R na L hatuzigombanii, na nimeshashika barua halali kabisa, yenye muhuri, ya Roselyne aliyegeuka Loselini. Kabla hajapiga muhuri, isome. Hakikisha jina, namba ya pasipoti, tarehe, na kwamba muhuri umepigwa nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi. Barua isiyo na tarehe hairekebishwi kwa kalamu, unarudi kuandikiwa nyingine.

Malipo ya kibali hufanywa kwa kontroo namba inayotoka kwenye mfumo wenyewe. Unalipa benki au kwa simu, na risiti inabaki na namba hiyo. Mtu yeyote anayekuambia umpe taslimu "akuharakishie", hata akiwa amevaa vizuri na anamjua kila mtu pale getini, mwache. Peleka maombi muhuri wako wa sasa ukiwa bado na wiki kadhaa mbele, tena ueleze ukweli: kwamba ulikuja kutembea, ukabaki kusaidia wajukuu, na sasa unataka kukaa kihalali. Umekuwa ukitoka kabla siku hazijaisha, kwa hiyo hujazidisha muda, na hilo litakusaidia. Kinachoharibu ni kufika siku ambayo muhuri unaisha saa sita usiku.

Kibali kikitoka, mengine yanafunguka kwa mpangilio. NIDA wana kitambulisho cha mgeni mkaazi, kwa mgeni anayeishi nchini kihalali kwa miezi 6 au zaidi. Hicho ni chako, na hakihitaji kuzaliwa Rorya. Laini yako ilifungwa, nadhani, kwa sababu ilisajiliwa kwa pasipoti kama ya mgeni anayepita, nayo hufuata siku za muhuri. Sasa utaisajili kwa kitambulisho cha mkaazi na vidole. Kama mkweo alikusajilia laini nyingine kwa jina lake, mwambie apige *106# aone ni laini zipi ziko kwa NIDA yake, na mliweke sawa hilo, kwa sababu jambo lolote likitokea kwenye laini hiyo ataulizwa yeye. Benki nayo itataka kibali, barua ya mtaa na TIN. TIN ni namba ya mlipakodi, inatolewa na TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, na haina malipo.

Sasa majina, na hapa Mwalimu naomba usome polepole, kwa sababu nimeona wastaafu waliolitatua kila jambo wakakwama kwenye jina.

Kisa chako ni cha kawaida kabisa. Uliajiriwa msichana, ukaandikwa jina la ubatizo, la Kijaluo, na la baba. Ukaolewa, ukabadilisha kitambulisho kikaja na jina la mume, na pasipoti ikafuata kitambulisho. Mwajiri hukumpelekea chochote, au ulipeleka na faili halikuguswa. Miaka yote uliyofundisha hakuna aliyeuliza, maana mshahara ulifuata namba ya TSC. Ukistaafu na kuhamia nchi nyingine, namba hiyo haina maana kwa mtu wa dirishani Mwanza. Yeye ana karatasi mbili zenye majina ya watu wawili. Stakabadhi ya pensheni ni ya Atieno binti wa fulani, pasipoti ni ya Atieno mke wa fulani. Kwa macho yake umeleta ushahidi wa kipato cha mtu mwingine.

Kanuni ninayowapa wateja ni kwamba jina lisahihishwe kule lilikokosewa. Hati ya kiapo nitakayokuandalia mimi hapa Mwanza, mbele ya kamishna wa viapo, ya kueleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, itafaa Uhamiaji, benki na TRA. Iambatane na nakala ya cheti cha ndoa. Ila usiitegemee Nairobi. Huko faili lako la pensheni ni la Kenya, na watataka kiapo kilichoapwa mbele ya kamishna wa viapo wa Kenya, au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa huko. Kwa hiyo safari yako ijayo ya Migori isiwe ya kulala Isebania na kurudi. Ingia mjini, mwone wakili wa huko, apa, kisha peleka nakala ofisi ya pensheni ukiwa na barua ya kuomba kumbukumbu zilinganishwe, na moja ubaki nayo yenye muhuri wa kupokelewa. Muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako ndio ushahidi pekee kwamba ulifika. Bila huo, baada ya mwaka utaambiwa barua haipo, na hutakuwa na la kujibu.

Uamuzi wa jina gani libaki ni wako, lakini ushauri wangu ni kulifuata la pasipoti. Kulihamisha faili la pensheni lifanane na pasipoti ni karatasi moja au mbili. Kurudisha kitambulisho, pasipoti, KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya) na benki kwenye jina la baba ni kazi ya msimu mzima.

Tuje kwenye fomu ya uhai. Watu huichukia, wanaona kama wanadhihakiwa: nimefundisha wilaya nzima, leo nithibitishe kwamba napumua? Ofisi inayolipa haikuoni. Mstaafu aliye nje ya nchi akifariki, taarifa inaweza isifike kwa muda mrefu, na wako wanaoendelea kuzitoa pesa hizo. Kwa hiyo wanauliza, na usipojibu, malipo husimamishwa. Kuyarudisha ni kazi kubwa kuliko kujaza karatasi moja.

Usijaze sehemu ya shahidi nyumbani. Hilo ndilo kosa kubwa. Mstaafu anaweka saini yake mezani kwa binti, kisha anamletea shahidi fomu iliyokwisha kusainiwa. Shahidi anathibitisha kwamba amekuona ukisaini, kwa hiyo lazima usaini mbele yake, ukiwa na pasipoti mkononi. Nani anaruhusiwa kushuhudia, soma kwenye fomu yenyewe, kwa sababu orodha imechapwa pale. Mtu asiye kwenye orodha, hata awe askofu unayemfahamu, muhuri wake hautahesabiwa. Ubalozi wa Kenya uko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, na kumpeleka mtu wa miaka 64 huko kwa saini moja ni kumtesa. Kama orodha inakubali mthibitishaji au hakimu, umalize Mwanza. Kama haikubali, unganisha na safari ya Migori na usaini upande wa Kenya, ambako muhuri wa ofisa wa kwao hauhitaji maelezo. Tarehe ya saini yako na ya shahidi ziwe moja. Piga picha fomu nzima kabla haijaondoka, pande zote mbili. Ukituma kwa kampuni ya vifurushi hifadhi namba ya mzigo, na ukituma kwa basi la mpakani mpe mtu atakayeipeleka mwenyewe mpaka mezani.

Jambo dogo linaloambatana na hilo, ambalo huwaumiza wengi: usiache laini yako ya Kenya ife. Umeiweka kwenye droo kwa kuwa hapa unatumia ya Tanzania. Lakini namba za siri za muda za benki, za eCitizen (tovuti ya huduma za serikali ya Kenya) na za iTax (mfumo wa kodi wa KRA) zinakuja huko huko. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine, na hapo utajikuta umefungiwa nje ya pesa zako na huna pa kupokelea ujumbe. Itie kwenye simu ya laini mbili, uitilie salio mara kwa mara, upige hata kwa dakika moja. Kwa sababu hiyo hiyo, akaunti ya pensheni iache Kenya ilipo. Kuihamishia nje ni kufungua faili upya, na wewe faili lako bado lina mgogoro wa jina. Pesa za matumizi zivute kidogo kidogo. Kutuma kutoka M-Pesa ya Kenya kuja M-Pesa ya hapa kunawezekana, na zipo benki za Kenya zenye matawi Mwanza. Linganisha kiwango cha kubadilishia kabla ya kulinganisha makato, maana kwenye kiwango ndiko pesa inakopotelea.

Kodi. Upande wa Kenya, sheria ilibadilishwa mwishoni mwa 2024 na pensheni ya aliyefikia umri wa kustaafu ikaondolewa kodi. Wengi wamesikia hivyo wakaacha kujaza ritani. Kutotozwa hakukuondolei wajibu wa kujaza: kama PIN yako ya KRA iko hai, mwisho wa ritani ni tarehe 30 Juni kila mwaka, na faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi haipungui shilingi 2,000 za Kenya, ambazo mwaka hadi mwaka hujumlishwa kimyakimya. Upande wa Tanzania, mtu aliyekaa siku 183 au zaidi ndani ya mwaka wa mapato ni mkaazi kwa macho ya TRA, na kwa kawaida mkaazi hutozwa kwa mapato yake ya kila mahali. Kuna nafuu kwa ambaye katika maisha yake yote amekuwa mkaazi kwa jumla ya miaka 2 au chini ya hapo: huyo anahesabiwa mapato ya hapa tu. Kwa mwaka na nusu wako bado umo humo, ila mlango huo unakaribia kufungwa. Mkataba wa Jumuiya wa kuzuia kutozwa mara mbili ulisainiwa 2010 na haujaanza kufanya kazi, kwa hiyo usiutegemee. Ukichukua TIN, waulize TRA palepale kuhusu pensheni ya nje, na majibu yao uyaombe kwa maandishi.

Matibabu nitayapitia haraka. SHA, bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF ya Kenya Oktoba 2024, haitakulipia hospitali za hapa, Bugando wala Sekou Toure. Iendeleze kama unapanga kurudi Kenya kwa matibabu makubwa, na hapa tafuta bima binafsi mapema, kwa sababu kampuni nyingi huweka kikomo cha umri wa kuingia. Pasipoti nayo ikikaribia mwisho, ofisi ya Kisumu ni karibu kuliko Dar, na alama za vidole unatoa mwenyewe, hakuna wa kukuwakilisha.

Kuna bahasha moja ningependa binti yako ajue iko wapi. Iwe na nakala ya pasipoti na kibali, namba ya pensheni, hati za kiapo, cheti cha ndoa, na jina la ndugu mmoja Migori mwenye akili za karatasi. Wewe ni Mjaluo na najua mtu anazikwa kwao. Mwili hauvuki Sirari bila cheti na vibali, na familia iliyo kwenye msiba si wakati wa kuanza kutafuta ni jina lipi liko kwenye faili lipi. Cheti cha kifo kitakachoandikwa hapa kitatumika Nairobi kufunga pensheni na kulipa wanaostahili, kwa hiyo jina likikosewa siku hiyo, mgogoro wako wanaurithi wao.

Mwisho, kibanda. Hapana, Mwalimu. Kibali cha Daraja C hakikupi ruhusa ya kazi wala biashara. Na hata ungekuwa na kingine, amri ya Wizara ya Viwanda na Biashara iliyotoka Julai 2025 iliorodhesha biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, na uwakala wa pesa kwa simu umo, pamoja na saluni, ufundi wa simu na duka la rejareja lisilo supamaketi. Faini haipungui shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi 6, na kibali kinaweza kufutwa. Kuweka jina la mkweo mbele huku wewe unakaa ndani ya kibanda si ujanja, maana amri hiyo ina adhabu yake pia kwa raia anayemsaidia mgeni: faini ya shilingi milioni 5 au miezi 3. Kiwanja vilevile. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na ukinunua kwa jina la mkwe, kiwanja ni cha mkwe. Kama unataka kumpa binti na mumewe sehemu ya kiinua mgongo wafungue biashara yao, mpe kama zawadi, kiasi ambacho hutakidai, na leseni, TIN na laini ya uwakala viwe vyao kweli. Wewe pita jioni ukawasalimie, lakini usikae upande wa ndani wa kaunta.

Ukija ofisini njoo na mkweo, pasipoti halisi, barua ya TSC ya kustaafu na cheti cha ndoa. Kiapo tutakimaliza siku hiyo hiyo. Barua ya mtaa mtaipata wenyewe, hiyo siwezi kuwafuatia.